Mtutu Mpya na Jicho la Gidamis

Mwanangu, nakumbuka vizuri asubuhi ile bunduki yetu iliporudi kutoka kwa fundi mjini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimeshuka kutoka kwetu Tumati kuja kulinda mazao kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang. Ngano ilienda mpaka macho yanachoka, na nguruwe pori waliweza kulaza shamba zima kabla mashine za kuvunia hazijaingia. Mtutu wa zamani ulikuwa umechakaa, fundi akafunga mpya. Kwa kuwa nilijua kulenga, nikakabidhiwa mimi. Wazee husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi niliona kinyemi tu.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Gidamis, kijana wa wafugaji wa Gendabi, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza tulijaribu shabaha. Nikapiga risasi moja, nikashika komeo, kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu, ili nitoe ganda, likagoma. Nikaligonga kwa kiganja mpaka likafunguka. Risasi ya pili ikanibidi nitumie kipande cha mti. Gidamis akaokota ganda, akaligeuza. Kile kitufe cha kitakoni kinachogongwa na pini kilikuwa kimelala bapa, na pembeni yake pana masizi.

"Tluway, hili si la kawaida," akasema.

"Mtutu ni mpya," nikamjibu. "Hata kiatu kipya hubana."

Utaratibu ulikuwa kila ganda lirudishwe kwa Mzee Akonaay, mtunza silaha. Yale mawili niliyafukia mtaroni, nikamwambia yamepotea kwenye ngano. Niliogopa akiyaona atanipokonya bunduki, nirudi kufukuza nguruwe kwa kupiga debe. Ujana bwana.

Siku ya tatu nilipiga tena, nikahisi upepo wa moto umenipiga shavuni kutoka nyuma ya bunduki. Hapo nilijua, mwanangu. Sitasema sikujua. Lakini Gidamis alipoomba zamu yake, nilimpa bunduki bila kumwambia neno. Alipofyatua tu, aliitupa chini akashika jicho la kulia. Pini ilikuwa imetoboa kile kitufe, na moto ulipokosa nafasi mbele ukarudi nyuma.

Tulimpeleka zahanati kwa trekta. Niliporudi nilimkuta Mzee Akonaay amekaa na bunduki, ameshaitoa risasi zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yale maganda yaliyopotea, nenda kayalete."

Nikaenda kufukua. Aliyapanga mezani, akayatazama moja moja. Kisha akachukua risasi za boksi lile lile akazipiga kwa bunduki nyingine. Maganda yakatoka kwa kidole tu, vitufe vizima. "Basi risasi hazina kosa," akasema. Akapitisha kitambaa cheupe pale risasi inapolala na ndani ya mtutu wote, kikatoka kikavu. Hakukuwa na grisi wala uchafu. Nikauliza kama tujaribu moja zaidi.

"Na jicho la nani?" akaniuliza. Bunduki ikarudishwa kwa fundi, naye akakuta kwamba mwanzo wa mtutu ulichongwa finyu, risasi inabanwa kabla haijaanza safari.

Mzee Akonaay hakunifukuza kazi. Alinituma Gendabi, kwa baba yake Gidamis, nikaseme mwenyewe. Nilitembea nusu siku. Yule mzee alinisikiliza akiwa amesimama katikati ya ng'ombe wake, mpaka mwisho.

"Mwanangu aliniambia ni ajali," akasema.

"Hakujua, mzee. Mimi nilijua."

Akanitazama, akaniambia niingie ndani nipewe maziwa. Sijawahi kunywa kitu kigumu kumeza kama maziwa yale. Jicho la Gidamis lilipona, lakini si lote. Mpaka leo, ukimjia upande wa kulia, inabidi useme jina lako.

Sasa wewe unasoma ufundi, unashika mashine za watu. Nakuambia hivi. Chombo kikianza kugoma, kiweke chini siku hiyo hiyo, usikipige ili kitii. Usiseme ni upya. Tenga jambo moja moja mpaka ubaki na kosa lenyewe, na lisilo la uwezo wako mpelekee anayelijua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi niliyaficha, na aliyeumia ni mwenzangu. Kwa hiyo kabla hujampa mtu chombo mkononi, mwambie yote unayoyajua kukihusu, hata kama ukweli huo utakunyang'anya kazi.

Mungu akupe mikono mizuri, na mdomo usioogopa kusema. Wanaofanya kazi kando yako wazeeke na macho yao yote mawili.