Betri Hulala Ndani

Kulikuwa na swali moja lililomchosha Bi Nadra kuliko magoti yake: "Nani kakuleta?" Tangu magoti hayo yalipomgomea, mwaka 1998, kila alikokwenda, harusini, matangani, hospitali, swali lilimsubiri mlangoni. Yeye, aliyewafundisha ushonaji wasichana wa Sib, kando ya Maskati, kwa miaka kumi na tisa na kwenda kazini kwa miguu yake, akawa anajibu kama mzigo: kanileta Saud, kanileta mke wa Saud, kanileta dereva. Swali halina ubaya, ila lilimuuma.

Saud ni mwanawe wa pekee. Mwaka 2003, mwishoni mwa Oktoba, alirudi kutoka masomoni Uingereza na kigari cha umeme: kiti kimoja, magurudumu manne, kikapu mbele. Bi Nadra alikizungusha uani mara tatu huku akilia kwa furaha.

"N'takwenda sokoni mwenyewe," akasema. "N'tachagua samaki kwa mkono wangu."

Tatizo la Saud ni kuamini karatasi. Kitabu cha kigari kilisema wakati wa baridi kifungiwe ndani, betri itolewe. Basi Novemba ilipoingia akakifungia stoo. Novemba! Mwezi ambao Maskati nzima inashusha pumzi, watu wanajaa ufukweni na wagonjwa wanatolewa nje kupigwa na upepo. Bi Nadra alikaa barazani miezi sita akitazamana na kufuli.

Mei, Saud akakifungua kwa fahari na kukiweka chini ya banda la bati. Jua la Mei nani analiweza njiani? Kikakaa hapo kinaokwa, na ilipofika Agosti betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Mama, mimi nimefuata kitabu."

"Kitabu kinasema baridi ya wenyewe, mwanangu. Baridi yao ndiyo jua letu."

Betri mpya iliagizwa Dubai, ikafika Aprili ya 2005, joto limeshapiga hodi. Saud hakuwa mtoto mbaya. Aliyaogopa magari ya Sib na alimpenda mama yake. Ndiyo maana akaweka sharti.

"Ikifa na hii, khalas, sinunui tena. Utakwenda na gari, kama watu."

"Na isipokufa?"

"Isipokufa, nenda utakako, wallahi sikuzuii." Akacheka, maana alijua itakufa.

Bi Nadra hakucheka. Alizaliwa na kukulia Tabora kabla ya kuhamia Maskati, na baba yake alikuwa na lori la kubeba asali na ngozi. Masika ikigeuza njia kuwa uji, lori lililala uani miezi mitatu, lakini betri mzee aliibeba mwenyewe hadi chumba cha watoto, akaiweka juu ya ubao. "Gari hulala nje," alikuwa akisema, "betri hulala ndani na watoto." Masika ikipita, lori liliwaka kwa jaribio la kwanza, na watoto wote wakapiga vigelegele.

Basi mwezi huohuo alifungua betri, akaiweka juu ya kanga kuukuu na kuiburura ukumbini, hatua moja, pumzi mbili, hadi chumbani kwake penye kiyoyozi. Akaipa ubao chini ya kitanda. Kila mwezi ulipoandama aliichaji. Nyumba nzima ilimtania kwamba kapata mume mpya, hali wala hasemi.

"Afadhali," akajibu. "Wa kwanza alisema sana."

Alhamisi ya kwanza ya Novemba, kulipopambazuka na ubaridi, alimwita Saud afunge betri kwa mkono wake, isije ikasemwa kuna ujanja. Saud akafunga. Bi Nadra akazungusha ufunguo, na taa zote za kijani zikawaka. Alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia.

Alitoka langoni. Kufika njia panda akasikia gari nyuma yake likitambaa. Ni Saud, mikono imeng'ang'ania usukani. Bi Nadra akasimama, akageuka.

"Saud, uliapa."

Saud akarudi nyumbani kinyumenyume.

Sokoni Sib alichagua nguru mzima, akamfunua mashavu, akakataa wawili, akamchukua wa tatu. Alipokuwa anamlaza kikapuni, kichwa kimetokeza upande mmoja na mkia upande wa pili, shoga yake Bi Masouda akatokea kwenye meza za samaki, mikono kifuani kwa mshangao.

"Nadra! Yakhee, nani kakuleta?"

Bi Nadra alikuwa amelingojea swali hilo miaka saba. Akafunga kamba ya kikapu kwanza, taratibu.

"Nimejileta," akasema, akapiga honi.