Bunduki Inayomkaa Shabani

Usinibishie mimi. Kama unaona haya ninayokusimulia nimeyatunga, panda mpaka Mgeta, uliza kwa Shabani mwenye bunduki, mtazame kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha urudi hapa tubishane. Wengi wamekwenda huko kwa mbwembwe. Hakuna aliyerudi na ubishi wake.

Shabani ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Mwanahawa. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mambo ya mtoto anaulizwa mjomba. Baba yake alikwisha fariki, na shamba la dada lilikuwa juu kwenye mteremko, limepakana na msitu. Mahindi na maharage. Na tumbili. Yarabi, tumbili! Hao hawaji usiku kama nguruwe, useme utawasha moto ulale. Wanakuja mchana kweupe, wanakutazama usoni, wanavunja hindi, wanalitafuna mara moja, wanalitupa, wanavunja jingine. Misimu miwili mfululizo dada yangu alivuna mabua. Tulikula mizizi ya porini, na mtoto wake wa mwisho tulimzika. Msimu wa tatu ukienda vile vile, sijui tungebaki wangapi.

Sasa nani angewapiga? Mimi mkono wa kulia una vidole viwili. Vingine vilikwenda na gobori lililopasuka nilipokuwa mbeba bunduki wa Mdachi mmoja, mwenye shamba la katani kule bondeni. Akabaki Shabani, miaka kumi na moja au kumi na miwili, mwenye jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Kwa kombeo tu alikuwa anampiga tumbili sikio alilolitaka. Jicho halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mkono, maana mkono ulikuwa unakua.

Nielewe vizuri. Bunduki lazima imkae mtu. Kitako kikiegemea bega, kidole kinatakiwa kifike kwenye kifyatuo bila kujinyoosha. Kitako kikiwa kirefu, mtoto anapinda mgongo na risasi inakwenda mawinguni. Kikiwa kifupi, dole gumba lake mwenyewe linamtwanga pua. Nilikuwa na gobori kuukuu, nikamkatia kitako limkae. Likamkaa. Baada ya miezi michache akarefuka, akaanza kutoka damu puani. Nikaunga kipande cha mbao na ngozi. Kikalegea. Nikaunga tena, na tena, mpaka siku moja kitako chote kikapasuka mikononi mwake na tumbili wakakaa juu ya mti wanatutazama. Nililia kwa hasira siku ile, sikufichi. Nilimwangalia yule mtoto na miguu yake mirefu, nikamchukia kidogo. Mungu anisamehe.

Yule Mdachi wangu wa zamani, nadhani kwa kuvionea haya vidole vyangu, akaniandikia barua nipewe cheti cha bunduki ndogo. Si gobori la kushindilia baruti. Ile ya kisasa, risasi zake ndogo kama punje za mahindi. Nyundo inagonga ukingo wa ganda, inalia kama ukuni mkavu unaovunjwa, na begani haisukumi hata kidogo. Kwa mtoto na kwa tumbili hakuna zaidi yake.

Lakini Shabani sikuweza kwenda naye Morogoro. Angeondoka shambani siku moja, tumbili wangefanya harusi. Kwa hiyo nikachukua ugwe wa ukindu, nikampima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiungo cha kidole cha shahada, nikafunga fundo. Dada yangu akaacha kutwanga.

"Kaka, mtu mzima wa afya hapimwi kamba."

Nilijua anasema nini. Kwetu anayepimwa kwa kamba ni maiti, ili kaburi lichimbwe kwa urefu wake, na kipimo chenyewe hakirudi nyumbani, kinaachwa huko huko kaburini.

"Nimempima mkono tu," nikamwambia. "Unataka bunduki au hutaki?"

"Nataka. Lakini kamba hiyo urudi nayo. Umenisikia, kaka? Urudi nayo mkononi mwako."

Nikasema nimesikia.

Bomani, karani akaniambia njoo kesho. Kesho yake akaniambia bwana mkubwa yuko safarini. Siku ya tatu alikuwa anaumwa jino. Siku ya nne akachukua barua, akaisoma kama vile nimeiiba, akaandika cheti, akasema, "Bunduki moja. Namba yake ikishaingia hapa, hakuna kubadilisha. Usije kunililia."

Nikaenda kwa Bwana Kasamu, Mhindi mwenye duka karibu na stesheni. Alikuwa na mbili tu. Moja fupi, ya watoto wa Kizungu, nzuri, nyepesi. Nyingine ndefu, ya mtu mzima. Nikatoa ugwe wangu nikapima. Ile fupi ilikuwa fupi kidogo kwa Shabani hata siku ile. Ile ndefu ilimzidi upana wa vidole vinne. Nikapima tena, nikapima mara ya tatu, kana kwamba mbao zingenionea huruma. Niambie wewe, ungechukua ipi? Ya mtoto aliyepo, ambayo atakuwa ameiacha kabla ya Idi? Au ya mtu mzima ambaye hayupo, na tumbili wapo leo?

Bwana Kasamu alinitazama nikihangaika, akasema, "Ndugu yangu, chukua ndefu. Mwambie fundi mzuri akate kitako. Kile kipande usitupe, weka. Mtoto akikua, unarudisha kidogo kidogo. Hata mimi suruali za wanangu nafanya hivyo hivyo."

Ushauri mzuri kuliko huo sijawahi kupewa na mtu. Nilichukua ndefu.

Nililala Mlali, alfajiri nikaanza kupanda. Ile njia unaijua kama umewahi kuipita: goti linagusa kidevu. Njia nzima nilikuwa nanung'unika. Nitampata wapi fundi mzuri huku juu? Nikate mwenyewe kwa vidole viwili? Nikikosea je? Na nikipatia, baada ya miezi mitatu si naanza tena kuunga mbao? Alasiri wingu likashuka, likafunika kila kitu, nikawa naona miguu yangu tu. Nguo zikalowa, matone yakawa yananichuruzika kidevuni.

Ndipo nikasikia msumeno.

Kando ya njia alikuwa amekaa mtu juu ya gogo, mtu wa makamo, amevaa kanzu nyeupe. Mbele yake tupa, randa, patasi, vimepangwa vizuri. Kanzu yake ilikuwa kavu. Niamini, nililiona hilo. Mimi nimetota kama nimetoka mtoni, yeye mkavu, na wingu ni lile lile. Nililiona, nikalipita, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mbele yangu alikuwepo fundi.

"Asalaam aleykum," nikasema.

"Kaa, unatweta," akajibu.

Hakuitika salamu. Hilo nalo nililipita.

Akanyoosha mkono, nikampa bunduki kabla hata hajaomba. "Ya nani?"

"Ya mpwa wangu."

"Kipimo unacho?"

Nikampa ugwe. Aliupitisha vidoleni polepole mpaka kwenye fundo, akalishika fundo muda mrefu. Kisha akaulaza kwenye kitako, akatia alama kwa ukucha.

"Huu ndio mkono wa leo," akasema. "Akikua je?"

Hapo ndipo ningekuambia unizibe mdomo, kama ungekuwepo. Swali lile lile! Nilikuwa nimelibeba kutoka nyumbani, nimelala nalo siku zote za bomani, nimepanda nalo mlima, na sasa mtu nisiyemjua ananiuliza. Nikapandwa na hasira. "Bora asikue!" nikasema. "Nimechoka kukata na kuunga. Mkono wake ukisimama hapo hapo nitashukuru."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Sema tena."

Nikasema tena. Tena kwa sauti.

Akakata. Sijaona mkono kama ule. Msumeno ulipita mara chache tu, akapiga tupa, akapaka kitu kama nta, kitako kikawa laini kama hakijawahi kuguswa. Chini ya miguu yake sikuona unga wa mbao hata chembe. Nikamuuliza ujira wake.

"Niachie kamba."

Maneno ya dada yangu yalinijia, nisikudanganye. Yalinijia kabisa, na sauti yake. Nikajiambia, kamba ya ukindu si kitu, shambani kwetu imejaa tele. Nikamwachia. Kisha nikakumbuka ya Bwana Kasamu, nikamwomba kile kipande alichokata, nikiweke kwa ajili ya baadaye.

"Hutakihitaji," akasema.

Nikainama kufunga bunduki kwenye shuka. Nilipoinua kichwa, gogo lilikuwa tupu, na lilikuwa limelowa kote, hata pale alipokuwa amekaa. Nilikimbia, ndiyo. Mzigo mgongoni, mlima mbele, nilikimbia.

Nyumbani, Shabani aliiweka begani. Ilimkaa kama imezaliwa naye. Siku ya pili akaangusha tumbili watatu, na kabla ya mwezi kwisha waliobaki walilihama shamba letu. Dada yangu alivuna mpaka maghala yakafurika. Aliniuliza kuhusu kamba mara moja tu, nikamwambia imepotea njiani. Akanitazama, akarudi kwenye kinu chake.

Mwaka uliofuata nikangoja pua ya Shabani itoke damu. Haikutoka. Nikafurahi! Fikiria, nilifurahi, nikasema fundi yule kweli fundi. Idi ikaja, kanzu ya mwaka jana ikamwenea. Idi ya pili, kanzu ile ile. Wenzake wakawa wanaongea kwa sauti nzito na kufunga shuka kiume, yeye anawatazama kwa kuinua kidevu. Dada yangu ndiye aliyelisema kwanza. Alikuja mlangoni kwangu, hakuingia. "Kaka, ile kamba umempa nani?"

Nikarudi kule njiani. Nilikwenda mara tano, na wingu na bila wingu. Gogo lipo, yeye hayupo. Katika nyumba ya karibu nilimkuta mama mmoja anaanika maharage, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari za fundi wa kanzu nyeupe. Mikono yake ikasimama.

"Huyo alikuwa anakata mbao za kufunikia makaburi," akasema. "Amekufa zamani, kabla Wadachi hawajaja. Alikuwa anapita kuwapima watu kabla hawajafa. Ulimpa kipimo cha nani, mwanangu?"

Nikageuka, nikashika njia ya nyumbani.

Nimezunguka kwa waganga, nimezunguka kwa masheikh. Wamesoma, wamechinja, wamenifukiza. Shabani sasa ana ndevu. Sauti yake ni ya mwanamume, hasira zake za mwanamume, akili yake inapita yangu. Na mkono wake, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiungo cha kidole, ni ule ule, na mwili wote umeufuata mkono. Nimekwenda kumposea mara mbili. Nyumba zote mbili walinikaribisha vizuri, wakamwona, wakaanza kuzungumzia mvua.

Vita hii ya Wazungu ilipofika, askari walikuja kukamata wapagazi. Wakawapanga vijana wote wa mteremko ule. Walipomfikia Shabani walicheka, wakamsukuma kando kwa kitako cha bunduki: "Mtoto, nenda kwa mama yako." Wenzake wakaondoka wamefungwa kamba, na mpaka leo hatujasikia habari za hata mmoja. Watu wananiambia, umemwokoa, shukuru. Nishukuru nini? Wao hawakumwona usoni alipokuwa amesimama pale kando, anawaangalia wanaondoka. Mimi nilimwona.

Juzi amekuja kwangu. Aliisimamisha ile bunduki ukutani, bado inang'aa, bado inamkaa, akaketi.

"Mjomba, nitafutie bunduki ya mtu mzima."

"Haitakukaa, Shabani."

"Najua," akasema. "Nataka inizidi."

Yule hajui nilisema nini siku ile kwenye wingu. Hajui, na wewe ukienda kumtazama usimwambie.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto anayekua, nisikilize mimi niliyeharibu. Usimpime kwa kamba, na kama umempima, kamba usiiachie mkononi mwa mtu asiyeitika salamu. Ukichoka kukata na kuunga, choka kimya kimya. Mnunulie inayomzidi. Aiburute chini, akosee shabaha, tumbili wamcheke, wewe ukae pembeni umngoje.