Mlango wa Kabula

Siku ile ya Mwakitolyo naikumbuka kwa mlango mmoja wa bati, mwanangu. Nimeona nikusimulie kabla hujaanza kufundisha darasa la kwanza Jumatatu na hiyo kalamu nyekundu uliyonunua.

Nilikuwa mwalimu mpya, wa umri wako huu. Kule Mwakitolyo, machimboni, watu wazima walitoka alfajiri kwenda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na watoto walijiangalia wenyewe hadi jioni. Kwa hiyo kulikuwa na desturi: ukiondoka nyumbani, unaacha neno mlangoni kwa mkaa. Nipo kisimani. Ufunguo kwa Mama Juma. Ukipita, unausoma mtaa mzima.

Mwanafunzi wangu Kabula, wa miaka saba, aliishi na mdogo wake kwa Bibi Minza, mama mzaa mama, ambaye kazi yake ilikuwa kuponda mawe ya dhahabu. Mtoto yule aliandika kila mahali, kwa namna yake. Aliruka herufi, aliunganisha maneno. Mlangoni kwao nilikuta siku moja: "bibi tumeeda kisimani namdogoagu". Nikacheka. Kesho yake nikayaandika ubaoni, darasa zima likacheka pamoja nami, kisha nikamwamuru aandike kila neno mara ishirini. Nikamwonya pia: neno usilolijua, usiliandike.

Alinitii. Daftari lake likawa safi. Baba analima. Mama anapika. Baba hakuwa naye, na mama yake alikuwa mbali, mjini Runzewe, anauza nguo, lakini herufi zote zilikuwa mahali pake. Nikaweka alama ya vema kila ukurasa, nikajiona mwalimu hodari.

Msimu wa mvua, mchana mmoja, Bibi Minza akaingia darasani bila hodi, vumbi la mawe limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, bibi."

"Kabula yuko hapa?"

"Leo hajaja."

"Na mdogo wake hayupo nyumbani. Mlangoni hakuna kitu."

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na duara lililoachwa, na mvua ilikuwa imeangusha uzio wake wa miti. Tulipofika, wachimbaji walikuwa wameshazunguka. Ukingoni palikuwa na kandambili moja ya mtoto.

Kijana mmoja, Shija, akaanza kujifunga kamba kiunoni.

"Matimba yameoza, Shija," mwenzake akasema. Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta zisibomoke. "Humo hashuki mtu."

"Angekuwa wako ungeniambia hivyo? Shika kamba, acha maneno."

Akashuka. Tulisikia udongo ukidondoka majini, tukasikia akikohoa, kisha hatukusikia kitu. Bibi Minza aliishika ile kandambili kwa mikono miwili. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Huyu si ndiye aliyekuwa anachorachora mlangoni?"

"Aliacha," bibi akajibu, akanitazama mimi.

Kamba ikavutwa mara tatu. Wakamvuta. Kichwa chake kilipotokeza, ukuta mmoja ukaporomoka, ukambana mguu. Walimng'oa pale akiwa na mfupa uliovunjika, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Hawamo. Ni maji tu." Hadi leo Shija anachechemea.

Bado tulikuwa tunamfunga mguu, bodaboda akafika. "Bibi, wajukuu zako wako zahanati. Mdogo ana homa kali, dada yake kambeba mgongoni tangu asubuhi."

Mimi na bibi tuliwakuta kwenye benchi, mdogo amelala mapajani kwa Kabula, mguu mmoja peku; kandambili ilimdondoka alipobebwa kupita njia ya nyuma ya nyumba.

"Mbona hukuandika mlangoni?" nikamuuliza Kabula.

Akainamisha kichwa. "Zahanati sijui inaandikwaje, mwalimu."

Bibi Minza hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mimi niliishia darasa la pili. Yale mliyoyacheka, mimi nilikuwa nayasoma. Kila jioni nilijua wajukuu wangu wako wapi. Haya yako mazuri hayajaniambia kitu."

Ilichukua wiki nyingi kabla Kabula hajashika tena mkaa, mwanangu, na nyingi zaidi kabla hajaniamini.

Basi nakuasa: mtoto anayeanza kuandika, mwache aandike anavyosikia. Soma kwanza anachokuambia, umjibu hicho. Akikuandikia kwamba mbuzi wao kazaa, muulize wamezaliwa wangapi. Herufi utamfundisha, na ni kazi yako kumfundisha, lakini kwa saa yake na kwa upole, mbali na kicheko cha wenzake. Zitakaa sawa kadiri anavyosoma. Akishaogopa kuandika, hutajua hata cha kumsahihisha.

Mungu akujalie uvumilivu wa kusoma kama Bibi Minza alivyosoma. Watoto wako wakuandikie mengi, na kila jioni ujue wako wapi.