Hakimu Apimwa Viatu kwa Ravna

Mgeni yeyote aliyefika Kautokeino, kijiji cha kaskazini ya mbali, kwenda kulala nyikani na kundi la kulungu wa theluji la Mahtte alipitishwa kwanza jikoni kwa Ravna, mama mkubwa wake Mahtte. Hapo mkoba ulimwagwa wote juu ya meza. Ravna alikuwa na miaka sitini na minne, na mifugo ile aliichunga tangu hajajua kusoma. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alitenga marundo mawili: vya kwenda na vya kubaki.

Februari ile walikuja Torgeir, hakimu kutoka Bergen, na mkewe Gunnvor. Mke hakusumbua. Ravna alimwondolea fulana za pamba, akamwachia nguo za ndani za sufu na sweta pana.

"Pamba ikinywa jasho haikauki," alimwambia. "Na jasho ndilo linaloua huku, mwanangu, kuliko theluji."

Kazi ilikuwa kwa hakimu. Alikuwa amenunua viatu vipya vya bei mbaya, ndani kavaa soksi jozi tatu, mguu umebanwa haupumui.

"Vua soksi mbili," Ravna akasema. "Au vaa hivi." Akamsogezea viatu vya manyoya alivyoshona mwenyewe, vimejazwa nyasi kavu.

"Vyangu vimepimwa hadi nyuzi arobaini chini ya sifuri. Imeandikwa kwenye boksi."

"Leo ni thelathini na nne. Huyo aliyeandika alikuwa amekaa wapi?"

Mahtte alimvuta kando. "Mama mkubwa, huyu ni mgeni. Atatusema vibaya."

"Atatusema vizuri akirudi na vidole vyote." Akammiminia hakimu kahawa. "Kasimame uani na kikombe hiki. Usitembeetembee, maana kwenye sleji ya kuvutwa juu ya theluji mtu hukaa tu, hakuna kutembea. Nusu saa ikipita nawe bado unavisikia vidole, nenda na viatu vyako. Sitatia neno."

Torgeir alitoka kifua mbele. Gunnvor akawa anamchungulia dirishani. Dakika ya kumi alianza kukanyagakanyaga. Ya ishirini, kahawa aliyoibakiza ilikuwa imeganda kikombeni. Muda haujatimia akaingia, akakaa bila kuambiwa.

"Wa kushoto siusikii," alisema polepole.

Gunnvor aliinama ausugue. Ravna akamzuia, maana kusugua kunachubua, akamvua mumewe viatu na soksi zote, akaichukua miguu ile akaibana tumboni mwake mwenyewe, chini ya sweta. Wakakaa hivyo kitambo, mpaka hakimu akakunja uso.

"Inauma?"

"Sana."

"Vizuri. Kinachouma kiko hai."

Kisha akavua soksi yake mwenyewe. Mguuni palikosekana vidole viwili.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Harusi ya Pasaka, nikavaa viatu vyembamba vya mjini ili kijana mmoja anione. Mama alinikataza, nikatoka kwa mlango wa nyuma." Akautazama mguu ule. "Kijana nilimpata. Vidole ndiyo basi."

Torgeir alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Haya, nimeshindwa. Nikakate rufaa wapi?"

"Baridi haina rufaa, mheshimiwa. Na leo huendi popote, mguu ulioponea chupuchupu haurudishwi nje siku hiyohiyo. Kesho."

Jioni alimfundisha kujaza nyasi, vidole vikibaki na nafasi ya kucheza, na kulala na soksi za akiba kifuani zisipate unyevu.

Walienda siku tatu, dhoruba ikawaongeza ya nne ndani ya hema. Waliporudi, Mahtte aliingia jikoni peke yake, akatupa glavu mezani.

"Mama mkubwa, yule mtu umeniharibia. Kila asubuhi anakagua soksi za watu. Jana napasua kuni, ananiambia nifungue koti kwanza nisije nikatoa jasho. Ananiambia mimi!"

"Ukafungua?"

Mahtte akaziokota tena glavu zake. "Nikafungua."

Ravna akachukua uzi wake wa kupimia, akatoka kwenda kupima mguu wa hakimu, amshonee viatu vyake mwenyewe.