Gari Inavuta

Mama Klachi alilipata jina lake kwa kelele. Miaka ishirini na sita alikaa kiti cha abiria cha gari dogo la kijivu akifundisha watu udereva, na aliyepita mtaani wakati wa somo alimsikia dirishani: "Klachi! Klachi, baba, unaniua!" Hata mkwewe alimwita hivyo, ila kwa chinichini.

Alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: usukani hauachiwi. Si kwa chafya, si kwa nzi, si kwa kumpungia mchumba. Mikono miwili, tangu kuwasha mpaka kuzima. Yeye mwenyewe hakuwahi kuivunja hata siku moja.

Mwaka wa ishirini na sita, pampu ya pawa stelingi, ile inayoulainisha usukani, ikaanza kuvuja mafuta na kulia kila kona. Fundi wake, mtu wa maneno mengi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na kufeli mara mbili, akashauri waing'oe kabisa.

"Tunafunga usukani wa kawaida, mwalimu, wa nguvu za mikono. Utakuwa mzito ukiegesha, lakini injini itakuwa imetua mzigo wa pampu. Gari itavuta, utaniambia mwenyewe."

Ili kuufikia usukani kwa chini, ilibidi ashushe chuma kizima kinachobeba magurudumu ya mbele. Akakirudisha kwa kukadiria kwa macho, akakaza boliti, akajifuta mikono. Kazi imekwisha.

Usukani ulikuwa mzito kweli, na hilo Mama Klachi alilitarajia. Asilolitarajia ni kwamba siku ya tatu, akirudi nyumbani peke yake, alishtuka tairi la kushoto linakwangua ukingo wa barabara. Akalirudisha gari katikati. Muda si muda, ukingo tena. Mikono yake ilikuwa palepale pa siku zote. Sasa nani aliyekata kona?

Hakumwambia mtu. Marehemu mumewe naye alianza hivyohivyo. Wiki nzima alikwangua ukingo wa kushoto, wakamcheka. Wiki iliyofuata kijiko kikamdondoka mezani, mkono wa kushoto ukalegea, na kiharusi hakikumwachia tena.

Basi Mama Klachi akaanza kujichunguza. Asubuhi alinyanyua birika la maji kwa mkono wa kushoto na kuhesabu mpaka ishirini. Mkono ulitetemeka. Ni ugonjwa huu, au ni uchovu wa usukani mzito? Akajifinya vidole, akahisi maumivu. Akajifinya tena, safari hii hakuwa na hakika. Nani asingetetemeka akijikodolea macho namna ile! Wanafunzi nao hawakumsaidia kujua kama kosa ni la gari. Mmoja alikwenda kushoto, lakini huyohuyo alikwenda kulia pia, na Jumanne aliingia kwenye bustani ya watu.

Alipochoka kuwaza akaenda gereji. Mashine ya kusaga chuma ilikuwa inanguruma, ikabidi apaze sauti.

"Fundi, gari inavuta!"

Uso wa fundi ukachanua. "Si nilikwambia? Inavuta, eeh?"

"Inavuta sana!"

"Utanishukuru, mwalimu!"

"Kwa hiyo ni kawaida?"

"Kawaida kabisa! Itavuta hivyohivyo miaka. Wenzako wanaitafuta hiyo hawaipati!"

Mama Klachi akaondoka kichwa kimemvurugika kuliko alivyokuja. Watu wanatafuta gari liwapeleke mtaroni? Lakini fundi amesema ni kawaida, tena kwa furaha. Kama gari ni zima, basi mgonjwa ni yeye. Alikaa ndani ya gari bila kuliwasha, akiogopa kuutazama mkono wake.

Aliyemaliza ubishi ni binti yake, muuguzi, alipoliona tairi lilivyochunika.

"Mama, nipe ufunguo."

"Nikupe wa nini? Kuendesha kwenyewe hujui."

"Ndiyo maana kwangu utakuwa salama. Mama, baba alianzaje?"

Kwa swali hilo Mama Klachi akaamua kuliuza gari. Ijumaa akampelekea fundi gari amtafutie mnunuzi. Alipotamka neno "kuuza" akapangusa macho, akasingizia vumbi.

"Uuze gari inayovuta namna hii?" Fundi hakuelewa. "Hebu panda, niisikie mwenyewe."

Akashika usukani fundi, Mama Klachi akakaa kiti chake cha miaka yote, wakaingia barabara iliyonyooka nyuma ya gereji. Fundi alikuwa mtu wa kuongea kwa mikono. Alipoanza kueleza jinsi injini ilivyo nyepesi, akaachia usukani, mikono yote miwili hewani. Mama Klachi akafumbua kinywa amkaripie.

Kinywa kikabaki wazi. Gari lilikuwa linakwenda kushoto. Lenyewe.

"Mwalimu!" Fundi akaudaka usukani. "Mbona hii inavuta?"

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Uliniambia inavuta! Hukuniambia inavuta kushoto! Mimi nikajua unasifia injini!" Akajipiga paji la uso. "Ni kile chuma, nimekirudisha kimekaa upande. Hii inataka alaimenti tu, kunyooshwa magurudumu. Zamani pawa ingekubebea, usingehisi sana. Sasa kila kitu kinakuja mkononi."

"Kinakuja mkononi," Mama Klachi akarudia polepole, kama mtoto anayefundishwa kusoma. "Kwa hiyo si mkono."

"Mkono gani?"

Hakumjibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakusingizia vumbi.

"Achia tena," alisema.

"Mwalimu, tutagonga ukingo."

"Nimesema achia! Usiguse!"

Mtaa mzima ulimsikia. Fundi akainua mikono taratibu, Mama Klachi akailaza yake mapajani, na gari likajiendea kushoto, polepole, mpaka tairi likaukwangua ukingo bila mkono wa mtu yeyote.