Nilimfokea mama mgonjwa wa TB pale Bwera, somo nililolidharau likanirudisha kwake

Wakuu, amani iwe kwenu nyote humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya muda mrefu. Leo na mimi naweka la kwangu. Yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha, chuo na kituo cha afya sivitaji. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kiswahili changu ni cha Kasese, Uganda. Baba ni Muganda, dereva wa lori, alihamia huku kabla sijazaliwa. Lhukonzo, lugha ya wenyeji, nasikia kidogo tu, kwa hiyo sokoni na mpakani naelewana na watu kwa Kiswahili. Mnivumilie.

Twende.

Nilikuwa mwaka wa pili wa clinical medicine. Semester hiyo tukaletewa course unit inaitwa Medical Sociology. Darasa zima tuliguna. Sisi tunapigana na pharmacology, majina ya dawa hayaingii kichwani, halafu anakuja mtu kutufundisha habari za jamii!

Tukaibatiza "soga". Ukisikia mtu anasema anaenda soga, ujue anaenda kusinzia kiti cha nyuma.

Mimi nilikuwa bingwa wa kusinzia.

Mwalimu alikuwa Madam Ithungu, mama wa makamo kutoka Maliba. Alikuwa mkunga miaka mingi kabla ya kurudi shule. Hapigi kelele yule mama. Ukilala anakuacha ulale, ukifumbua macho anakuuliza swali.

Siku moja likanidondokea mimi. "Mgonjwa akiacha dawa, tatizo ni nini?"

Nikajibu bila kufikiri, "Kichwa kigumu, Madam."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliandika jibu langu ubaoni, neno kwa neno, akaendelea kufundisha. Likakaa pale mpaka kipindi kikaisha. Niliona aibu kidogo, lakini haikunifika moyoni.

Wiki iliyofuata akatupa assignment. Kila mtu atafute mgonjwa mmoja aliyeacha matibabu, aombe ruhusa kupitia kituo anakotibiwa, aende kumsikiliza nyumbani kwake. Masharti yake yalikuwa ya ajabu: usivae koti jeupe, usishike karatasi, na usitoe ushauri mpaka uulizwe.

"Mkirudi," akasema, "msinieleze ugonjwa. Ugonjwa naujua. Nielezeni mtu anaishi nao vipi."

Mimi nilijua papo hapo nitaenda kwa nani.

Miezi miwili nyuma nilikuwa attachment, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye kituo kimoja upande wa Bwera, karibu na mpaka wa Congo. Siku hiyo sista wa TB hakuwepo, nikawekwa mezani kwake. Akaja mama mmoja, tumwite Masika, wa umri wa mama yangu au zaidi. Kadi yake ilionyesha ameruka siku kadhaa za dawa.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Musawo, sista hayuko?" Musawo ndivyo tunavyomwita huku kila mtu wa hospitali.

Nikamwambia, "Sema hapa hapa, mimi ndiye daktari leo."

Akageuka kuangalia foleni nyuma yake. Nikauliza mbona hamezi dawa. Kimya. Basi hasira zikanipanda. Mbele ya foleni nzima nikamwambia anataka kuua watoto wake, anatupotezea muda, akifa asije kulaumu mtu.

Wakuu, yule mama alichukua kadi yake, akaikunja taratibu, akaondoka. Hakurudi tena.

Kwenye daftari nikaandika "defaulter", yaani mtoro wa dawa. Wakati wa chai nikawasimulia wenzangu kama kichekesho.

Na niseme ukweli wote, maana niliahidi. Sikumchagua kwa huruma. Nilimchagua kwa uvivu. Niliona jibu lake ninalo tayari, nitaenda dakika kumi nirudi kuandika.

Sista akampigia simu kumuuliza kama anakubali kutembelewa na mwanafunzi. Akakubali. Ila hakuambiwa ni mwanafunzi yupi.

Nikatoka Kasese asubuhi, nikapita Kinyamaseke, nikafika Bwera jua limeshachoma. Nyumba yake iko juu kidogo ya soko, katikati ya kahawa. Kikohozi chake nilikisikia kabla sijamwona.

Alikuwa amekaa uani kwenye turubai, anachambua kahawa. Alikuwa amekwisha. Blauzi ilining'inia mabegani kama imetundikwa kwenye kamba.

Akainua uso, akaniangalia.

"Ni wewe? Ule wa kufoka?"

"Ni mimi, mama. Nilikukosea mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Akaendelea kuchambua. Nikaanza kufikiria kurudi zangu. Kisha akasogea upande mmoja wa turubai.

"Kaa. Saidia kuchagula. Ile nyeusi tupa kule."

Nikakaa. Tukachambua. Masharti ya Madam yalikuwa yamenifunga mdomo. Ingekuwa siku nyingine ningeshatoa lecture. Nafikiri tulimaliza karibu nusu ya lile fungu kabla hajaanza kuzungumza, tena bila kuniangalia.

"Kuko mama mumoja, rafiki yangu. Alipewa dawa ya kifua. Akakunywa. Akienda choo anaona mukojo inakuwa nyekundu kama damu. Dada yake alikufa hivyo hivyo, anakojoa damu. Akasema, hii dawa inaniua."

Mikono yangu ikasimama.

"Akaenda kuuliza sista. Akakuta mutoto mwanaume, sawa na mutoto yake ya kwanza. Sasa mama muzima atasema mambo ya mukojo mbele ya mutoto kama ule? Na batu beko kwa mustari, banasikia?"

Kwa wasiojua: moja ya dawa za TB inabadilisha rangi ya mkojo, unakuwa wa chungwa au mwekundu. Si damu, ni rangi ya dawa yenyewe inatoka. Kitu cha kawaida kabisa. Tena kwenye mtihani wa pharmacology swali hilo lilikuja na nilipata maksi zote. Kumbe nilikaa na jibu lake mdomoni siku ile, nikamtolea matusi badala yake.

Nilitaka kupasuka. Nikang'ata ulimi. Nikaokota punje nyingine.

Ndipo akauliza, "Wewe unasoma. Ule mama ungemuambia nini?"

"Ningemwambia ile si damu, mama. Ni rangi ya dawa. Hata machozi yanaweza kubadilika. Ningemwomba arudi kwa sista wampime upya, asianze kumeza peke yake nyumbani."

"Si damu?"

"Si damu, mama."

Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio. Akajifunika uso kwa kitenge.

"Miezi mbili, mutoto yangu! Miezi mbili miye niko naaga batoto!"

Habari ya rafiki ikaishia hapo. Alikuwa ameshapanga hata ndugu yupi atamchukua binti yake wa mwisho.

Nililala Bwera kwa rafiki yangu. Asubuhi nikamsindikiza mama Masika mpaka kituoni, nikabaki nje kwenye benchi. Aliingia na sista wakafunga mlango. Walizungumza sana humo ndani, na kuna wakati nilisikia wanawake wawili wanacheka.

Vipimo vikatoka: dawa zilikuwa bado zinafanya kazi kwake. Akaanza upya kuanzia siku ya kwanza. Watoto wakapimwa, wakakutwa salama.

Nikaandika report yangu kwa mbwembwe. Madam Ithungu akaniita ofisini. Nilijua nakwenda kusifiwa.

Akavua miwani. "Kazi nzuri. Sasa niambie, wangapi wengine uliwaandika defaulter?"

Akaniacha nisimame na lile swali, halafu akanimiminia chai.

Jumamosi zilizofuata nilirudi kituoni, mimi na sista tukapitia daftari lile jina kwa jina. Wengine tuliwapata, wengine hatukuwapata. Hao wa mwisho nawafikiria mpaka leo.

Sasa nimemaliza, nafanya kazi kituo kidogo upande wa mlimani. Mama Masika alimaliza dawa zake zote. Juzi nimepita sokoni Mpondwe, akaniita kwa nguvu mbele ya wenzake, amenenepa, shingo imerudi.

"Muone dokta yangu! Alikuwa na mudomo mubaya huyu, lakini tulimufundisha!"

Soko zima likanicheka. Sijawahi kupewa cheti kinachozidi hicho.

Nilichojifunza, wakuu: anayeacha dawa ana sababu yake, na mara nyingi alishajaribu kuisema, sisi tukamkata kauli. Namshukuru Madam Ithungu aliyeniamsha. Namshukuru zaidi mama aliyenisogezea turubai wakati alikuwa na haki ya kunifukuza.

Ninyi je? Swali gani uliwahi kulimeza mbele ya daktari ukarudi nalo nyumbani? Liandike hapa chini, kwa jina la "rafiki yangu" ukipenda. Nasoma yote.