Kasiksi ya Haraka

Habari ile niliipata kwenye robinet, tukiwa tunangojea maji na bidon zetu. Jirani yangu, mama wa nyumba ya chini, aliniambia kama vita ikiendelea hivi kila nyumba itatoa kijana mumoja aende kupigana. Si kwa kupenda. Kwa lazima, kama wakati wa Wabeleji.

"Nani alisema?" nilimuuliza.

"Banasema."

"Banani?"

"Ee maman, unataka nikuletee karatasi yenye kashe, muhuri ya ofisi?"

Wanawake wote walicheka, na mimi nilicheka. Lakini bidon yangu ilijaa, maji ikamwagika kwenye miguu yangu, na ni wao waliniambia nifunge.

Niseme vizuri hapa, sitaki kuzidisha. Kwenye radio sikusikia kitu kama hicho. Wengine walisema ni serikali ya kule Kinshasa ndiyo itaita vijana wote wa inchi. Wengine walisema ni hawa wenye bunduki wanaoshika muji wetu wa Bukavu sasa. Niliona kila mutu anaamini ile ya upande asioupenda. Mimi niliziamini zote mbili, kwa sababu nina mutoto mwanaume mumoja tu, na kwa yeye ingekuwa sawa ni nani aliyemupatia bunduki.

Mutoto wangu ni soudeur. Anatengeneza milango ya chuma na madirisha karibu na soko ya Kadutu. Mikono yake imejaa alama ndogo za moto. Ni murefu kupita baba yake, lakini mbwa akibweka anapita upande wangu wa nyuma. Anakula bugali akiwa amesimama, kama mutu ambaye gari inamuacha. Sijui kama haya ni mambo ya kuandika. Lakini nikifikiri vita, ni haya ninayoona, si bendera.

Jioni ile nilirudilia maneno ya robinet tukiwa tunakula. Baba ya bwana yangu, muzee tunayeishi naye tangu alipotoka Walungu, aliweka mukono juu ya goti.

"Hiyo si mupya," alisema. "Wakati wa Wabeleji chefu alituma watu kuchukua vijana, tena na kamba. Wale walikuwa na bibi na jiko yao, aliwaacha. Wale bila bibi njo walienda. Babangu alioa ile juma tu. Njo maana mimi niko hapa nakula hii maharagi."

Bwana yangu alisukuma sahani yake. Kisha akasema: "Basi tumuoze."

"Papa," mutoto alisema, na mulo mudomoni, "miye nilikuja kula tu."

Musichana alikuwa yuko. Anafundisha watoto wadogo kwenye shule ya Bagira. Walikuwa wanatembea pamoja tangu zamani, na sisi wazazi tulikuwa tunafanya kama hatujui. Mutoto wangu alikuwa anasema atajenga kwanza hata vyumba viwili vya mbao, kisha ataenda kujionyesha kwao. Sasa baba yake alisema mbao zitangoja. Mutoto aliniangalia mimi. Nilikusanya sahani, nikaenda kuziosha. Kwa kweli, nilifurahi.

Tulipoleta kasiksi nyumbani, ile pombe ya ndizi ambayo kwetu hakuna posa bila yake, jirani alikuja kuangalia. Mutoto wake mukubwa alikuwa ameenda kwenye jeshi, yeye mwenyewe, bila mutu kumusukuma.

"Munaoza?"

"Tunaoza."

"Juu ya ile habari?"

Nilikaza kifuniko ya bidon. Alisimama pale, mukono kwenye mulango.

"Miye sikukatazi," alisema. "Lakini wangu alienda. Sasa najiuliza kama damu ya wako iko na bei kupita ya wangu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nimetafuta jibu ya kumupa mpaka leo. Inchi ikivamiwa, lazima mutu aende, na wale wanaoenda wako na mama. Kwa nini asiwe wangu? Ni swali ya haki kabisa. Nikifika hapo, moyo unakataa kuendelea. Nimeandika hivyo kwa sababu sina kitu kingine cha kuandika.

Tulienda Bagira siku ya Mungu, misa ilipoisha. Bwana yangu, mimi, mutoto, na tonton wake, mudogo wa bwana yangu, ambaye ndiye anasemaka kwa ajili ya familia yetu kwa sababu hana haya. Bidon ya kasiksi iliwekwa katikati ya salon. Baba wa musichana ni fundi wa viatu, mutu wa maneno polepole. Tonton alianza.

"Tulikuwa tunapita, tukaona ua moja nzuri imechanua pembeni ya nyumba, kwenye parcelle yenu."

"Hapa maua ni mengi," shangazi wa musichana alijibu, "na mbuzi zetu zinayala."

"Basi tumekuja mbele ya mbuzi!"

Kila mutu alicheka. Mimi nilianza kupumua. Kisha wakamuita musichana. Kwetu ni hivyo: wazee wanaweza kupatana vyote, lakini hakuna anayegusa pombe mpaka binti aulizwe mbele ya wote. Ni desturi tu, kila mutu anajua jibu. Anaangalia chini, anasema kwa sauti ndogo "muinywe", na wamama wanapiga vigelegele.

"Mutoto," baba yake alisema, "hii pombe iko mbele yetu. Tuinywe ao tusiinywe?"

Hakuangalia chini.

"Papa, naomba nimuulize kwanza yeye."

"Iii!" shangazi alisema. "Wasichana wa sasa!"

Alimugeukia mutoto wangu. "Kama hakuna vita, leo ungekuwa hapa?"

Bwana yangu alikohoa. Tonton alifungua kinywa, lakini fundi wa viatu aliinua kidole: "Ni yeye ameulizwa."

Mutoto wangu aliangalia mikono yake. Ningeweza kumusaidia na uongo mudogo, nilikuwa nao tayari. Alisema: "Leo, hapana. Ningekuja, lakini si leo. Nilitaka ukute nyumba."

Musichana aliinamisha kichwa polepole, kama vile anamushukuru. Kisha akamuambia baba yake: "Papa, musiinywe."

Tonton alikaribia kulia: "Lakini kasiksi haimalizi juma! Inachachuka!"

"Basi muinywe kwenu," fundi wa viatu alisema. Aliinuka, akatupatia mukono sisi wote, na mukono wa mutoto wangu aliushika muda murefu kuliko ya sisi wengine. Hiyo niliiona.

Kurudi na bidon imejaa, katikati ya Bukavu, ni aibu ambayo haina haja ya kuelezwa. Watu waliokaa mbele ya milango waliangalia bidon, kisha nyuso zetu, kisha wakaangalia pembeni kwa adabu. Bwana yangu alivua veste yake na kuifunika.

"Papa," mutoto alisema, akiwa ameibeba, "sasa iko kama mutu mufupi amevaa veste."

Nilicheka mpaka nikasimama. Bwana yangu pia. Tonton, hapana.

Kesho yake musichana alikuja kwetu, shule ilipotoka. Mutoto wangu alikuwa kazini. Nilikuwa ninachambua maharagi, na yeye alivuta kiti kidogo, akaingiza mukono ndani ya sahani yangu bila kuomba.

"Maman, umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia mpaka kwenye rond-point, nusu ya njia. Kisha nilichoka."

Alicheka, lakini macho yalikuwa na maji.

"Namupenda," alisema. "Lakini sitaki siku moja, tukigombana juu ya chumvi, aniambie: weye nilikuoa juu ya vita. Hiyo neno haitokaka tena ndani ya nyumba."

Nilimuambia ninaogopa tu watamuchukua.

"Wakikuja kugonga, muniite. Nitasema miye ni bibi yake. Kwa askari, wa upande wowote, naweza kusema uongo. Kwa papa yangu, na ile pombe mbele yake, hapana."

"Na kama hawataki kusikia?"

"Sijui, maman. Na bibi wa kweli angewazuia na nini?"

Alipoenda nilimuuliza muzee kama kweli wote wenye bibi waliachwa. Alifikiri sana, mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema kulikuwa na wengine wenye bibi ambao walienda pia. "Watoto wao hawako hapa kwa kusimulia," alisema. Hakuwa ametudanganya. Alikuwa ametupa ile sehemu iliyomuzaa.

Sasa kuna salongo, ile kazi ya Jumamosi asubuhi, wakati kila nyumba inatoka kufagia na kuzibua mitaro. Ni siku ambayo vijana wote wanaonekana inje, na mimi ninaiogopa. Jumamosi iliyofuata tulimuona musichana akipanda kutoka barabara, kitambaa kichwani, liputa mbili za kitenge kiunoni kama bibi wa mutu, na jembe yake mwenyewe. Alisimama pembeni ya mutoto wangu na kuanza kuchimba tope.

Wanaume wawili wenye bunduki walipita. Mumoja alisimama mbele ya mutoto wangu.

"Kijana, unafanyaka kazi gani?"

Ni musichana alijibu, bila kuinua mugongo: "Bwana yangu ni soudeur, chef. Na hii mutaro hajaimaliza."

Yule mutu alicheka kidogo, akasema "courage", kama mutu anayetia wengine nguvu, akaenda. Labda alikuwa anasalimia tu. Lazima niseme hivyo, kwa sababu hakuuliza kitu kingine, na hakumugusa mutu. Lakini masikio ya mutoto wangu yalibaki mekundu mpaka saa sita.

Tangu siku ile musichana anakuja kila Jumamosi. Vita haijaisha, habari inazunguka bado, na hakuna aliyegonga kwetu. Kazi ikimalizika anaosha miguu, anafungua liputa moja, anakuwa tena mademoiselle wa shule, na mutoto wangu anamusindikiza. Jumamosi iliyopita niliwasikia nyuma ya palissade ya miti, wakidhani niko ndani.

"Ile 'bwana yangu'," mutoto wangu aliuliza, "utaisema tena lini?"

"Wakikuja tena."

"Na wasipokuja?"

Nilishika fagio yangu isifanye makelele.

"Wasipokuja wao," musichana alisema, "ukuje weye."